UZI: Mandhari ya wino kwa rafiki msomi – gombo la milima ya Fuchun, lilivyochorwa na namna ya kuifuata kazi yake

WinoMweusi (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wanaochora kwa wino na brashi, au wanaotaka kuanza na hawajui washike wapi. Badala ya kuzungumzia "sanaa ya Kichina" kwa ujumla, nashika kazi moja tu: gombo la Huang Gongwang linaloitwa "Makazi katika Milima ya Fuchun". Ni wino mtupu juu ya karatasi, hakuna rangi.

Huang alizaliwa 1269 na kufariki 1354. Aliwahi kuwa karani wa serikali, akafungwa kwa kesi ya kodi, kisha akaingia katika dini ya Dao. Mwaka 1347, akiwa na miaka 78, alirudi kwenye makazi yake kando ya mto Fuchun, mkoa wa Zhejiang, akiwa amefuatana na rafiki na ndugu yake katika dini, Wuyong. Gombo alianza kumchorea huyo Wuyong.

Bahati nzuri mchoraji mwenyewe aliandika mwishoni mwa gombo jinsi kazi ilivyokwenda. Anasema katika siku za mapumziko, kwenye jumba la kusini, alishika brashi, moyo ukamchukua, akajikuta amekwisha kuupanga mchoro wote. Baada ya hapo akawa anajazia kidogo kidogo. Miaka mitatu, minne ikapita haujakamilika, kwa sababu aliuacha mlimani naye akawa anazurura kwingine. Sasa ameuchukua kwenye mizigo yake ili akipata nafasi asubuhi au jioni auongeze. Na Wuyong, kwa kuogopa kwamba mtu atalipora kwa hila au kwa nguvu, amemwomba aandike jina lake kabla kazi haijakwisha. Tarehe inaangukia 1350.

Wengi husoma maneno hayo wakadhani mzee alichora kila siku kwa miaka mitatu. Sivyo. Mpangilio wote ulitoka kwa mkupuo mmoja, kwa wino mwepesi, halafu nyongeza zikaja kwa vipindi. Mkishika jambo hilo moja, mbinu yake yote inafunguka. Karibuni tuchambue.

---

KalamuYaMwanzi

Umeanza pazuri mkuu. Naongeza kwamba Huang aliacha pia maelekezo mafupi ya kuchora mandhari, na humo anaeleza waziwazi. Kuhusu mawe anasema uanze na wino mwepesi, kwa maana huo unaweza kurekebishwa na kuokolewa, kisha uongeze mzito taratibu. Kuhusu wino anasema hilo ndilo gumu kuliko yote: weka mwepesi, urudie mpaka umbo lionekane, ndipo ulete mzito na ule mweusi kabisa kutenganisha karibu na mbali.

Sasa vifaa. Kipande cha wino ni masizi yaliyokandwa na gundi ya wanyama. Masizi ya msonobari hutoa weusi uliofifia, wenye ubuluu kidogo ukiongezwa maji. Masizi ya mafuta hutoa weusi wenye mng'ao na joto. Kwa milima, mimi nashauri wa mafuta, kwa sababu ukiongezwa maji mengi bado una uhai. Wa msonobari ukizidishiwa maji huelekea kupauka.

Kusaga: weka maji safi kama kijiko kimoja cha chai kwenye jiwe la kusagia. Shika kipande wima, zungusha polepole bila kukandamiza, dakika 10 hadi 15. Ukilaza kipande, kinalika upande mmoja. Ukikandamiza kwa haraka unapata chembechembe, na chembe hizo zitaonekana kwenye kila mstari mwepesi utakaochora. Wino uko tayari pale njia ya kipande inapobaki wazi kwa muda kabla maji hayajaifunika. Ukimaliza, futa kipande kikauke. Ukikiacha juu ya jiwe kitagandia, na ukikivuta unaondoka na uso wa jiwe.

Andaa visahani vitatu. Cha kwanza wino mzito kama ulivyotoka kwenye jiwe. Cha pili tone moja la huo kwa matone manne au matano ya maji. Cha tatu tone moja kwa matone kama 15. Fuchun kwa sehemu kubwa imekaa kwenye sahani ya pili na ya tatu. Wanaoanza huishi kwenye ya kwanza, ndiyo maana milima yao inakuwa kama imekatwa kwa mkasi.

Wino wa jana usiutumie kwa kazi ya kutunza. Gundi imeanza kuoza, chembe zinajitenga, na siku ya kuwamba, yaani kuubandika mchoro karatasi ya mgongo, wino unaweza kutawanyika.

---

Mwanafunzi_Pwani

Asanteni wakuu. Swali la karatasi. Nikigusa tu, wino unatapakaa na mstari unakuwa mnene mara tatu. Karatasi iliandikwa ni ya Kichina ya kuchorea. Nipo pwani, hewa ina unyevu. Tatizo ni karatasi, hewa au mkono?

---

BiKaratasi

Ni vyote vitatu mdogo wangu, ila anza na karatasi.

Karatasi maarufu ya kazi hii inaitwa xuan, na kitovu chake ni wilaya ya Jingxian, mkoa wa Anhui. Hutengenezwa kwa magome ya mti wa qingtan pamoja na mabua ya mpunga. Ipo mbichi na ipo iliyoiva. Mbichi haijatiwa kitu, inanyonya mara moja. Iliyoiva imepakwa gundi na shabu, hivyo wino unakaa juu kama kwenye karatasi ya kawaida. Katikati kuna nusu-iliyoiva. Kadiri magome yanavyozidi mabua, karatasi inakuwa imara na inastahimili mikwaruzo mingi. Yenye mabua mengi ni laini na inachanika ukiirudia ikiwa na maji.

Kwa namna ya Fuchun, nunua nusu-iliyoiva au mbichi yenye magome mengi. Iliyoiva kabisa itakunyima ule mkwaruzo mkavu, wino utateleza tu. Jaribio rahisi: weka tone la maji pembeni. Likiingia papo hapo ni mbichi. Likikaa kwa muda kisha likaingia polepole ni nusu. Likibaki limevimba juu, imeiva.

Kuhusu unyevu, ni kweli. Karatasi iliyokwisha kunywa unyevu wa hewa husambaza wino zaidi. Ihifadhi imezungushwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, utoe karatasi ya siku hiyo tu. Chora saa ambazo hewa ni kavu zaidi. Usipeleke feni juu ya karatasi, maana inakausha brashi kabla hujafika katikati ya mstari.

Mkono nao: ukishachovya, pangusa brashi ukingoni mwa kisahani, kisha iguse kwenye kitambaa au karatasi ya chooni mara moja. Kosa la wengi ni maji yaliyojificha tumboni mwa brashi. Ncha inaonekana kavu, lakini ukikandamiza kidogo maji yote yanashuka.

---

Mwanafunzi_Pwani

Hapo kwenye tumbo la brashi umenigusa dada. Na brashi yenyewe iwe ya manyoya gani?

---

KalamuYaMwanzi

Mbili zinatosha. Moja ya manyoya magumu ya mkia wa kicheche, urefu wa manyoya kama sentimita 3, kwa mistari na vitone. Nyingine ya mbuzi, au mchanganyiko, kwa kupaka wino wa maji. Ya mbuzi inabeba maji mengi na haina mgongo, kwa hiyo usianze nayo mistari. Ukinunua mpya, ncha imegandishwa kwa gundi. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilainike yote, usiivunje kwa vidole.

---

WinoMweusi

Twende kwenye mlima wenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Michirizi ya Fuchun, yaani mistari ya brashi inayojaza mwili wa mlima, inaitwa michirizi ya katani, kwa sababu inafanana na nyuzi za katani zilizotandazwa: mirefu, laini, inakwenda karibu sambamba, inagusana na kuachana. Huang aliirithi kutoka kwa Dong Yuan na Juran, wachoraji wa karne ya 10 waliochora milima ya udongo ya kusini mwa mto Yangzi. Inafaa vilima vya mviringo vyenye udongo na majani. Kwa majabali makali ya kaskazini haifai. Huko wana michirizi mingine, mifupi na ya pembe.

Utaratibu ni huu. Anza na miti ya mbele. Kwenye karatasi inayonyonya huwezi kufunika kitu, kwa hiyo kilicho mbele lazima kitangulie na mlima upite nyuma yake. Huang anasisitiza kwamba mti uwe na matawi pande zote nne na jiwe lionyeshe nyuso tatu. Mti wenye matawi kulia na kushoto tu unakuwa mwiba wa samaki.

Kisha mpaka wa mlima, kwa wino wa sahani ya tatu, ncha ikiwa katikati ya mstari. Usiuchore mpaka kwa mstari mmoja usiokatika. Inua, acha pengo, endelea. Pengo hilo ndilo litakalopitisha michirizi ya ndani iungane na nje. Bila hilo mlima unakuwa mfuko.

Halafu michirizi. Ianzie kwenye mgongo wa mlima, ishuke ikifuata mteremko, ikijipinda kidogo kuelekea bondeni. Mchirizi mmoja uwe na urefu wa sentimita 2 hadi 4 kwenye gombo la kimo cha sentimita 30 hivi. Songesha mkono mzima kutoka kwenye kiwiko, vidole vibaki vimetulia. Brashi iwe nusu kavu ili katikati ya mchirizi karatasi nyeupe ionekane. Mkusanyiko mzito uwe kwenye mikunjo, panapokutana miteremko miwili. Kilele na tumbo la mlima viachwe wazi. Juu ya vilele weka mawe madogo ya mviringo yaliyorundikana, hiyo ni alama ya ukoo huu wa wachoraji.

Acha ikauke. Rudia kwa wino wa sahani ya pili, lakini usipite juu ya michirizi ya kwanza kama unafuatisha. Pita kati yake, ikatane kidogo. Baadaye, ubavu wa brashi kavu kwa kusugua penye kivuli. Kisha wino wa maji, mwembamba sana, kwa brashi ya mbuzi. Vitone vya wino mzito ni vya mwisho kabisa, kwenye migongo ya milima na mashina ya miti.

Mnaona sasa kwa nini kazi iliweza kukaa miaka mitatu bila kukamilika? Kila tabaka linasubiri jingine bila kuharibika. Aliyeanza na wino mzito hana pa kwenda.

---

GomboNaMhuri

Uchambuzi mzuri mkuu, ila sikubaliani kwamba wino wa maji unatangulia vitone moja kwa moja kila mahali. Angalia ukingo wa mto kwenye gombo: kuna vitone vya ulalo vilivyowekwa kabla ya unyevu kukauka, vimelainika pembeni, halafu vingine vikali juu yake. Kwa hiyo kuna vitone vya awamu mbili. Ukiviweka vyote mwishoni kwenye karatasi kavu, mlima unapata upele.

---

WinoMweusi

Nakubali, na ni bora hivyo. Theluthi moja ya vitone wakati karatasi ina unyevu ila haing'ai maji, vingine baada ya kukauka. Kama bado inang'aa, kitone kitapasuka kuwa ua.

---

GomboNaMhuri

Sasa upande wa rafiki, ambao kwangu ndio uti wa mgongo wa kazi hizi. Mandhari ya namna hii haikuchorwa iuzwe sokoni au ining'inie ukumbini. Gombo linashikwa na mikono miwili. Unafungua kutoka kulia, kipande cha upana wa mabega, unatazama, unakunja upande wa kulia, unaendelea kushoto. Kwa hiyo mchoraji anapanga kwa vipande vya takriban sentimita 60, na kila kipande lazima kisimame chenyewe. Fuchun inakwenda hivyo: mlima mzito, maji, miti michache, mtu mmoja juu ya daraja au ndani ya mtumbwi, milima tena, kisha maji mapana na kilele kimoja kirefu kuelekea mwisho.

Mfano mwingine ni Zhao Mengfu, ambaye Huang alijiita mwanafunzi wake mdogo. Majira ya baridi ya 1295–96 Zhao alimchorea msomi Zhou Mi milima ya Que na Hua iliyo karibu na Jinan, Shandong. Asili ya ukoo wa Zhou ilikuwa huko, lakini yeye alizaliwa kusini na hakuwahi kuiona nchi hiyo. Zhao alikuwa ametumikia serikali kule, akamletea rafiki kwao juu ya karatasi: mlima mmoja wa mviringo, mwingine wa ncha kali, na nyanda za maji katikati. Hiyo ina rangi, lakini makusudi ni yale yale. Mchoro umepimwa kwa mtu mmoja na anachokikosa.

Na hofu ya Wuyong ilitimia kweli. Katika karne ya 15 gombo lilikuwa mikononi mwa mchoraji Shen Zhou. Alimpa mtu aliandikie maneno, mtoto wa mtu huyo akaliuza kwa siri. Lilipotokea tena sokoni Shen hakuwa na fedha za kulinunua, ndipo mwaka 1487 akalichora upya kwa kumbukumbu. Nakala hiyo ipo Beijing.

Mwaka 1650 mmiliki wake, Wu Hongyu, akiwa mahututi aliagiza litiwe motoni aende nalo. Mpwa wake akalichomoa likiwa limekwisha kushika moto. Likakatika vipande viwili. Kipande kidogo, sentimita 31.8 kwa 51.4, kipo Makumbusho ya Mkoa wa Zhejiang, Hangzhou. Kirefu, 33 kwa 636.9, kipo Makumbusho ya Kitaifa ya Kasri, Taipei. Vilionyeshwa pamoja Taipei mwaka 2011. Kwenye kipande kirefu, karibu na mwanzo, utaona viraka vinavyojirudia kwa umbali unaokaribiana. Moto ulitoboa mikunjo kadhaa kwa mpigo mmoja.

---

Mwanafunzi_Pwani

Nilisoma mahali kwamba mfalme Qianlong aliandika maneno yake kwenye Fuchun kila mahali. Mbona picha za gombo la Taipei naona nafasi ziko wazi?

---

GomboNaMhuri

Kwa sababu aliandika kwenye nakala. Mwaka 1745 ililetwa kasri nakala iliyotajwa kwamba ilichorwa 1338 kwa ajili ya mtu aitwaye Ziming. Mfalme akaiamini, akaiandika zaidi ya mara 50 hadi nafasi zikaisha. Mwaka uliofuata la kweli likafika, akatamka kwamba ndilo bandia, akalinunua hata hivyo kwa uzuri wake. Hukumu hiyo mbaya ndiyo iliyoliokoa lisijazwe maandishi.

Funzo la vitendo hapa: jina la mpokeaji peke yake si ushahidi. Anayeghushi anaweza kubuni rafiki. Angalia mihuri ya maungio. Gombo refu ni karatasi kadhaa zilizounganishwa. Kipande cha Taipei kina karatasi sita. Mwenye mali hupiga mhuri juu ya ungio, nusu huku nusu kule. Karatasi moja ikichomolewa au kubadilishwa, nusu hazikutani. Fuchun ina nusu za mhuri wa ukoo wa Wu zinazokutana kati ya kipande cha Hangzhou na cha Taipei.

---

BiKaratasi

Kwa anayetaka kumchorea rafiki leo, adabu ya maandishi ni hii. Jina la mpokeaji linakaa juu, lako chini na dogo zaidi. Kwa desturi yao mpokeaji hatajwi kwa jina alilopewa kuzaliwa, hutajwa kwa jina la heshima, na cheo kama mwalimu au kaka. Wewe ndiye unayejitaja kwa jina lako. Ukigeuza, umejikweza mbele ya mgeni wako. Maandishi yanasimama wima, yanaanzia kulia. Pima nafasi kabla hujachora milima. Wengi wanafika mwisho wakakuta anga yote imejaa.

Mhuri mdogo kuliko herufi unapendeza kuliko mkubwa. Wino wake mwekundu ni unga wa madini ya zebaki uliokandwa na mafuta ya nyonyo na nyuzi za pakanga. Ukoroge kwa kijiti cha mfupa au plastiki kabla ya kutumia, mafuta hupanda juu. Gusa mhuri kwenye wino mara nyingi kwa wepesi, usiuchimbe. Weka tabaka la karatasi chini ya mchoro, bonyeza wima, inua wima. Acha siku kadhaa ukauke kabla ya kukunja, la sivyo utachapa upande wa pili. Na unga huo una sumu: nawa mikono, uweke mbali na watoto.

---

KalamuYaMwanzi

Nimalizie kuwamba, maana hapo kazi nyingi hufia.

Gundi ni uwanga wa ngano. Kanda unga na maji, osha donge mpaka utomvu mgumu utengane, acha uwanga utuame, mwaga maji ya juu, kisha upike kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka ubadilike uwe wa kupenyeza mwanga. Kwa kubandika mgongo uchanganye na maji uwe mwembamba kama maziwa. Gundi nzito inafanya gombo ligome kukunjika na baadaye livunjike kwa mistari.

Laza mchoro kifudifudi juu ya meza laini, nyunyizia maji, acha karatasi itanuke dakika chache, kisha inyooshe kwa brashi pana kutoka katikati kwenda pembeni. Ukipaka gundi kabla haijatanuka, mikunjo haitaondoka kamwe. Paka, laza karatasi ya mgongo, piga kwa brashi ngumu ya nyuzi za mnazi au mchikichi kufukuza hewa. Bandika kingo tu kwenye ubao, mchoro ukae wiki moja au zaidi. Ukiubandua mapema utajikunja upande mmoja maisha yake yote.

Ukitumia wino wa chupa, jaribu kwanza kipande cha pembeni: chora, kausha siku mbili, kisha lowesha na ubonyeze kwa karatasi nyeupe. Ukiacha doa la kijivu, usiuwambe kwa maji.

---

Mwanafunzi_Pwani

Nimelipata. Swali la mwisho: kwa gombo la kwanza nianze na urefu gani?

---

WinoMweusi

Karatasi ya kawaida ina sentimita 69 kwa 138. Ikate katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya 34.5 kwa 138. Tumia kimoja, kingine kiwe cha majaribio ya wino, karatasi ile ile. Gawa cha kazi kwa jicho sehemu tatu na ziada: mlima mzito kulia, maji na mti mmoja katikati, milima ya mbali myepesi kushoto, na ile ziada ya mwisho iachie jina la rafiki yako. Tabaka la kwanza lote kwa sahani ya tatu, mkao mmoja, usisimame. Ukimaliza, likunje, liweke. Picha ya tabaka hilo ukiipandisha hapa tutakuambia wino mzito uingie wapi.